Ngoma Iliyowatangulia Wanawake

Gudele, Juba
14 Januari 2024

Kaka Edrine,

Kwanza nimepiga magoti hapa sakafuni kukusalimu, ingawa hunioni, na kwa unene wangu wa siku hizi kuinuka itakuwa kazi nyingine. Mmeamkaje huko Jinja? Mgongo wa wifi yangu Milly umepoa? Mwambie ile dawa ya kuchua niliyomtumia ni ya mgongo wake, si ya kuwagawia majirani.

Sisi huku tuko kwes, yaani wazima, kama wanavyosema wenyeji. Jua limekuwa kali kabla ya wakati wake na vumbi la Gudele linaingia mpaka kwenye sukari. Lakini cherehani zangu zote mbili hazijapumzika tangu Krismasi, maana inaonekana mwaka huu kila mtu anaoa. Maji tunaletewa na tanki, na siku tanki lisipopita tunaoga kwa kikombe na kumshukuru Mungu kwa kikombe.

Sasa neno lenyewe. Marehemu Mzee, baba yetu, alitufundisha kule kambi ya jeshi tulikokulia kwamba simu ni ya kusema umefika salama, na neno zito huandikwa, tena kwa Kiswahili kilichonyooka. Neno langu ni zito, ndiyo maana nimenunua karatasi.

Kanisa letu limepata paa. Miaka mitano tumesali chini ya maturubai, upepo ukija mahubiri yanasimama, wanaume wanashika kamba. Mchungaji Mogga ametangaza kwamba Pasaka, tarehe 31 Machi, itakuwa siku ya Shukrani. Kila nyumba italeta kile ilichojaliwa, mbuzi, mtama, sabuni, chochote. Sisi wa kwaya tumeambiwa tulete wimbo mpya, si wa kuazima, wa kumsifu Mungu aliyetuumba na, tulipompotea, akaja mwenyewe kutukomboa. Nusu ya kwaya ni sisi wafanyabiashara wa Uganda, nusu ni wenyeji waliorudi kutoka ukimbizini, na lugha inayotukutanisha bila mtu kununa ni Kiswahili. Nikasema mimi namjua mtunzi.

Najua hujatunga tangu ajali. Miaka saba. Lakini kaka, lile gari lilikula vidole, halikula kichwa. Nitungie beti mbili tu, mmoja wa uumbaji na mmoja wa ukombozi. Mpigaji wa ngoma ndefu tumempata, ni mtu wa kwetu, hilo usijisumbue nalo.

Mdogo wako,
Kisakye

*

Bugembe, Jinja
9 Februari 2024

Kisakye,

Inuka, magoti nimeyapokea. Barua yako ilikaa kwa dereva wa basi wiki mbili, anasema aliisahau chini ya kiti. Milly anakusalimu sana. Mgongo umepoa na dawa imekwisha, yote kwa majirani, kama ulivyojua. Migomba inavumilia kiangazi. Karakana ya ngoma bado ipo: wengine wanawamba ngozi, mimi nakaa kwenye kigoda nakemea, na kwa kukemea sijapoteza kidole hata kimoja.

Una ujanja wewe. Unaanza na magoti, unamalizia na maagizo. Nilikasirika siku tatu nzima. Siku ya nne nilikuwa nachagua ngozi ya kenge kwa ajili ya ngoma ndefu ya watu wa Iganga. Nikaiinua kwenye mwanga. Magamba yamepangwa mstari kwa mstari, hakuna lililokaa vibaya, na hakuna fundi aliyesimamia. Nikashtukia naimba. Milly akaacha sufuria, akaja kusimama mlangoni, akaanza kulia. Nikamwambia chakula kinaungua.

Basi chukua:

Ulinena, mto ukaijua njia,
Ukanena, mtama ukainua kichwa;
Kenge majini, tai juu ya mlima,
Kila chenye pumzi kikakuita Baba.

Wanawake waitikie: Asante, Muumba, asante. Ngoma ndefu inyamaze kiongozi anapoimba. Wanawake waitikie kwanza, ndipo ngoma ijibu. Mwambie hivyo huyo mpigaji wenu, na mkazie.

Ubeti wa ukombozi sina, na usinibembeleze. Kwamba Mungu aliumba, nakiri kila nikishika ngozi. Lakini nitaimbaje habari za kusamehewa wakati mdogo wetu aliyeendesha lile gari jina lake halitajwi nyumbani kwangu? Itakuwa uongo, na Mzee alituchapa zaidi kwa uongo kuliko kwa kosa lenyewe. Alisinzia kwenye usukani, hilo ni la kibinadamu. Lakini aliniacha hospitali wakati wananikata vidole vitatu, akaondoka bila kuaga, asionekane tena. Kila asubuhi nikifunga vifungo vya shati kwa vidole viwili namkumbuka. Yuko wapi sijui, na nikikuuliza wewe utasema hujui. Basi tuache.

Nimeandika kwa mkono wa kushoto. Usicheke herufi.

Kaka yako,
Edrine

*

Gudele, Juba
25 Februari 2024

Kaka,

Magoti yako pale pale. Mwambie Milly alie tu, machozi ya namna hiyo hayadhuru. Huku joto linazidi, watu wanatembea na vitambaa vya maji kichwani. Nimeshona majoho kumi na manane ya kwaya na mawili nimekosea mikono, hayo nitawapa wembamba.

Kaka, wimbo wako umetumaliza. Nilipousoma mbele ya kwaya, Poni, yule mwenye sauti ya pili aliyekulia ukimbizini huko kwetu Uganda, alisema, "Mama Kisakye, soma tena hapo kwa mtama." Baba yake alikuwa na shamba la mtama wakakimbia likiwa tayari kuvunwa. Nilisoma mara tatu. Watu wengine wanaona mtama, Poni anaona nyumbani, na bado aliweza kusema asante. Mimi nilikaa chini.

Nimekuwekea mazoezi yetu kwenye memori kadi, iko ndani ya bahasha hii, imebandikwa kwa gundi. Iweke kwenye ile redio yako usikie jinsi ulivyotufanya. Kisha unipe ubeti wa pili. Wimbo wa uumbaji peke yake ni mzuri, lakini tulioumbwa tuliharibika, kaka, na tusiposema ni nani aliyekuja kututafuta tutakuwa tumeshukuru nusu.

Yule uliyesema nikiulizwa aliko nitasema sijui: hujaniuliza, kwa hiyo sijajibu.

Mdogo wako,
Kisakye

*

Bugembe
12 Machi 2024

Kisakye,

Milly mzima. Mimi mzima. Nimesikiliza memori kadi.

Ngoma inaingia kabla ya wanawake. Kila mwitikio, pigo moja kabla. Anayechelewa angekuwa mtu yeyote, anayepotea angekuwa mtu yeyote. Lakini huyu anawahi, pigo lile lile moja, bila kukosa. Kuna mtoto niliyemchapa fimbo ya mguu kwa kosa hilo tangu ana miaka tisa mpaka kumi na sita, na hakuliacha. Kati ya Jinja na Juba hakuna mwingine anayekosea hivyo.

Jude mdogo wetu yuko kwako. Tangu lini? Usinitumie magoti, nijibu hilo.

Edrine

*

Gudele, Juba
18 Machi 2024

Kaka,

Tangu Novemba.

Anaendesha gari la tanki la maji, mojawapo ya yale ya buluu yanayochota mtoni. Siku niliyompata alileta maji kwa jirani akamwaga nusu yake getini kwangu. Nikatoka na kandambili mkononi kumpa maneno yake. Akageuka. Kaka, tulikaa chini kwenye matope, watu wazima wawili, tukalia mpaka jirani akatuletea chai. Amekuwa Juba hii hii miaka yote, analala mtaa wa Atlabara, na mimi niko Gudele nikimwombea kama mtu aliyekufa.

Aliniambia alikaa nje ya geti la hospitali siku mbili. Mlinzi ndiye aliyemwambia wamekata vitatu. Mpiga ngoma, na vidole vitatu. Akaondoka. Aliogopa uso wako kuliko polisi. Simtetei. Nilimwambia kukuacha ni kubaya kuliko ajali yenyewe, akasema, "Najua, dada. Usingizi ulinishika dakika moja. Kukimbia nimekimbia miaka saba, tena macho wazi."

Sasa kosa langu. Desturi ya sisi tuliookoka unaijua, Mama alitulea nayo: mwenye neno na ndugu yake hasimami mbele ya watu kuimba wala kupiga mpaka alimalize, na aliyekosewa aseme kwa kinywa chake kwamba limekwisha. Mchungaji Mogga aliponiuliza habari za mpigaji huyu mpya, nilisema ni mtu wa kwetu, hana neno na mtu. Nilisema hivyo kanisani, mimi kiongozi wa kwaya, kwa sababu nilikuwa sina mpigaji na kwa sababu nilikuwa nimempata ndugu yangu. Na wewe nilikuficha kwa sababu nilikuogopa. Wewe unatisha kidogo, kaka, hata Milly anajua.

Baada ya barua yako nilikwenda kwa Mchungaji nikasema yote. Hakunifokea, heri angefoka. Alisema Jude asiiguse ngoma mpaka neno litoke kwako, nami nisiongoze kwa sasa. Ukisema hapana, hapana yako itaheshimiwa. Jude anasema hata hivyo ataendelea kuja na kukaa benchi la nyuma.

Mimi ninachotaka si ngoma. Tulizaliwa watatu. Ninakuomba unirudishie wale wawili wengine.

Kisakye

*

Gudele, Juba
7 Aprili 2024

Kaka,

Nakusalimu wewe na Milly. Hujajibu. Dereva ameapa kwamba safari hii hakusahau kitu chini ya kiti.

Pasaka imepita bila Shukrani. Mchungaji ametangaza kwamba ni kwa sababu ya joto, watu wangezimia, na ni kweli wangezimia. Imesogezwa mpaka Pentekoste, tarehe 19 Mei. Poni anaongoza mazoezi. Sauti anayo, ila kila akimaliza mstari ananitazama mimi nilikokaa. Wanaimba ubeti wako wa uumbaji, wakifika mwisho wanasimama, na hakuna anayejua pa kuweka mikono. Jude yuko benchi la nyuma.

Sikusumbui tena. Nimeandika ili ujue tarehe tu.

Kisakye

*

Bugembe, Jinja
15 Aprili 2024

Kisakye dada yangu,

Magoti yako nayapokea yote, na yale ya Machi niliyoyakataa yalete pia. Milly anacheka hapa pembeni yangu. Mvua imefika, migomba imenyooka, na kuku wa Milly ametotoa kumi na moja. Kila kitu kinachopumua katika ua huu kina kelele leo, nami nimo.

Nilinyamaza kwa hasira, sikufichi. Nilikukasirikia wewe zaidi yake. Siku ya Pasaka Milly alinivalisha shati, akafunga vifungo mwenyewe bila kuniuliza, akanipeleka kanisani kama mzigo. Msomaji akasoma habari za wale wanawake waliokwenda kaburini alfajiri na manukato, wakiulizana njiani ni nani atakayewaondolea jiwe. Nimeisikia tangu tukiwa kambini na haijawahi kunifanya kitu. Safari hii nikasikia kwamba walipofika, jiwe lilikuwa limekwisha ondolewa. Bwana hakuwangoja. Aliwahi. Nikaanza kucheka kwa sauti katikati ya somo, Milly akanifinya, watu wakageuka. Ningewaelezaje? Nilikuwa nimemwona Jude, ana miaka tisa, anapiga kabla ya wanawake, na mimi namchapa.

Nikatoka pale siwezi kukaa. Miaka saba nilikuwa nangoja aje kwanza. Aje, apige magoti, alie, aseme kosa lake lote, ndipo nami nijibu. Ni utaratibu mzuri, sikatai, Mama alitulea nao. Lakini mimi mwenyewe sikukombolewa kwa utaratibu huo. Mimi nilitanguliwa. Nikiwa bado sijui kusema samahani, Yesu alikuwa amekwisha kufa kwa ajili yangu na amekwisha fufuka, na sijachangia hata kidole. Niliyapokea hayo bure nikayaimba vijijini vyote vya Busoga, kisha nikakaa kwenye kigoda kumdai mdogo wangu atangulie.

Ubeti ulikuja tukiwa njiani kurudi. Milly aliurekodi kwenye simu yake nisije nikausahau:

Kabla sijakuita, ulikuwa njiani,
Kabla sijatubu, damu yako ilinena;
Wanawake walipofika na manukato,
Jiwe halipo, kaburi wazi, Bwana mzima.

Waitikie: Umetuwahi, Mkombozi, umetuwahi. Na hapo, Kisakye, sikiliza vizuri. Katika ubeti huu ngoma iingie kabla ya wanawake, pigo moja kabla. Nimeutunga hivyo kwa kusudi. Mpigaji mwingine mtamfundisha mwezi mzima na hataweza. Mwambie Jude asijirekebishe.

Na haya msomee Mchungaji Mogga, neno kwa neno. Mimi Edrine, kaka mkubwa, nimemsamehe mdogo wangu Jude, vidole na miaka. Simngoji aje kuomba. Limekwisha kwangu, na apige ngoma. Sisemi mkono hauumi. Asubuhi za baridi unauma, na vifungo bado ni vita. Lakini tangu Pasaka naamka naimba, na Milly anasema heri ningeendelea kununa apate usingizi.

Wewe mwongo nimekusamehe pia, ila wewe utaleta kuku.

Kaka yako,
Edrine

*

Gudele, Juba
21 Mei 2024

Kaka yangu Edrine, na Milly wangu,

Magoti yote mawili, na paji la uso juu yake. Sauti yangu imekauka kabisa, tangu juzi naongea kwa mikono, wateja wangu wanadhani nimepandisha bei. Acha nikuandikie kabla sijasahau kitu.

Barua yako niliisoma mbele ya Mchungaji na Jude, watatu tu. Nilipofika kwenye "simngoji aje kuomba," Jude alitoka nje. Tulimsikia akilia nyuma ya kanisa kama mtu aliyepigwa. Mchungaji alinizuia nisimfuate, akasema mwache, huyo yuko na Mungu. Aliporudi aliomba kitu kimoja: kwamba hata kama wewe humngoji, yeye atasema kosa lake mbele ya watu, kwa hiari yake. Mimi nami nikasema langu.

Basi Jumapili. Kaka, watu walianza kufika kabla ya saa moja. Walijaa, wakajaa na nje. Palikuwa na mbuzi, mihogo, mafungu ya mtama, sufuria mpya, mtu mmoja alileta mlango. Bibi mmoja, Alek, alileta jogoo chini ya kwapa. Nilisimama nikasema nilidanganya mahali hapa. Wakaitikia kwa wimbo wa sifa, kama tufanyavyo mtu akitubu, wakanirudishia kwaya yangu. Kisha Jude akasimama. Hakujipamba. Alisema, "Nilisinzia, nikaharibu mkono wa kaka yangu uliokuwa unampigia Mungu, kisha nikakimbia. Alinisamehe kabla sijamwomba. Nimekuja kushukuru." Akakaa kwenye ngoma.

Tukaimba. Ubeti wa uumbaji ulikuwa ukipanda vizuri, wanawake kwanza, ngoma nyuma yao, Jude akijizuia mpaka jasho linamtoka. Tulipofika kwa kila chenye pumzi, jogoo wa Bibi Alek akawika. Hakuna aliyemkemea, wimbo si ulikuwa unamhusu. Bibi akamwinua juu kwa mikono miwili, watu wakapiga vigelegele, na Poni akaimba mstari wa mtama macho wazi, anatabasamu.

Kisha ubeti wako wa pili. Niliuongoza mwenyewe. Nilipomaliza "Bwana mzima," nilivuta pumzi, na kabla mwanamke yeyote hajafungua mdomo ngoma ikalia. Kaka, sijui nikuelezeje. Ilikuwa mahali pake. Miaka yote ile ilikuwa kosa, na siku hiyo ilikuwa mahali pake. Wanawake wakaja juu yake, umetuwahi, umetuwahi, kanisa lote likasimama, walio nje wakaingia, wenye mbuzi wakaja na mbuzi. Tulirudia ubeti huo mara kumi na mbili. Mchungaji Mogga alikuwa ameandaa mahubiri, aliyakunja akayatia mfukoni, akavua viatu akacheza. Tumeumbwa na tumekombolewa, kaka. Nimelijua neno hilo tangu nikiwa mtoto, na Jumapili nilikuwa ndani yake.

Mlango ule ulioletwa umewekwa jana upande wa wanawake. Unatoshea.

Sasa mambo ya mwisho. Kuku wako nimekutumia, jike, anataga. Kuna na joho moja la wale wembamba, ni la Milly. Mzigo huo sikumpa dereva wa basi. Nimempa Jude. Mwajiri wake amempa wiki mbili. Nilitaka akupigie simu kwanza, akasema hapana, safari hii ataonekana uso kwa uso. Nimemwambia akukabidhi barua hii kabla ya kitu chochote, na asiseme neno mpaka uimalize.

Umeimaliza, kaka. Amesimama mbele yako na kuku mkononi. Mkaribishe ndani.

Mdogo wako,
Kisakye